Safari ya Dodoma na Gia Boksi ya Sabuni

Mlinzi wa mashine ya ukaguzi pale Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam, alisimamisha mkanda, akaurudisha nyuma, akautazama mfuko wangu kwenye skrini mara ya pili.

"Mzee, humu ndani kuna nini?"

"Gia boksi."

"Ya gari?"

"Ya sabuni."

Akanikazia macho kama mtu anayehisi anataniwa. Ikabidi nifungue zipu, nitoe shati na suruali ya kubadilisha, nifunue taulo, ndipo akakiona kile chuma cha kilo 13 chenye tundu la kuingizia shafti upande mmoja na tundu kubwa zaidi ubavuni. Nikamweleza kwamba Dodoma kuna mama anayetengeneza sabuni ya maji, na kwamba mota ya pipa lake inakoroga kwa kasi mno, sabuni yote inageuka povu.

"Si uipunguze tu kasi, mzee," akasema, huku akinisaidia kufunga zipu.

Sikumjibu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, na mimi nilikuwa na akili kama yake.

Nasuka mota katika eneo la Gerezani kwa miaka zaidi ya 20. Zinakuja zimeungua, zinaondoka na kopa mpya na vanishi mpya: za pampu za visima, za mashine za kusaga, za misumeno ya mbao. Zote hizo zina tabia moja, zinataka kukimbia. Unawasha, inanguruma, inafika kasi yake, basi. Mteja wa pampu hakuombi uifanye izunguke taratibu. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo sikuwa nimekutana na swali la yule mama, kama ambavyo sikuwa nimepanda treni wala kufika Dodoma. Vyote vitatu vilinikuta kwa pamoja.

Treni iliyotusubiri ilikuwa ile ambayo watu wameibatiza mchongoko kwa ajili ya pua yake. Haina kichwa kinachovuta mbele. Ni mabehewa 8 yaliyoungana, na mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa. Nilipopewa kiti nikaomba kimoyomoyo kiwe juu ya mota. Abiria wengine waliomba dirisha.

Saa ya kuondoka ilipofika nilikuwa nimeikodolea macho nguzo ya jukwaa. Nilitaka kuikamata ile nukta ya kwanza, maana kwa fundi wa mota hapo ndipo penye siri. Mota ya kawaida ukiiwasha moja kwa moja kwenye umeme inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule ulioandikwa kwenye kibati chake, na inaruka. Kama imefungwa mkanda, mkanda unapiga kelele. Kama imefungwa pampu, bomba linatikisika. Hapa kulikuwa na mamia ya tani za chuma na watu, tena yamesimama kabisa. Nikashika kiti.

Nguzo ikaanza kusogea kabla mwili wangu haujapata habari. Chupa ya maji ya jirani yangu ilikuwa mezani, na maji ndani yake hayakupanda upande wowote. Kilichotangulia ni sauti tu: mluzi mwembamba chini ya sakafu, ukapanda, ukakatika, ukaanza tena chini na kupanda upya. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Nilikuwa naisikia invata.

Niieleze kidogo, maana habari yote imelala hapo. Waya ulio juu ya reli hii umebeba volti 25,000, na umeme wake huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, sawasawa na ule wa TANESCO nyumbani kwako. Ndizo hezi 50 zinazoandikwa kwenye kibati cha kila mota. Mota yenye ncha nne ikipewa hezi 50, uga wa sumaku ndani yake huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota, ile sehemu inayozunguka, huufukuza bila kuufikia, ikiwa nyuma kidogo. Ukitaka rota iende taratibu, huna budi kupunguza hezi zenyewe. Invata hufanya hivyo kwa kuunyoosha umeme kwanza, kisha kuukatakata mara maelfu kwa sekunde ili kujenga umeme mpya wenye hezi unazotaka, iwe 50, iwe 5, iwe nusu. Mluzi ule ndio ukataji. Kule Austria kuna vichwa vya treni viitwavyo Taurus, kazi ya Siemens, ambavyo vikiondoka stesheni hupanda noti za muziki moja baada ya nyingine. Wageni hudhani ni pambo, kumbe ni invata inabadilisha kasi ya kukata.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Yule mama alinipata kwa simu, kupitia mteja mwingine. Pipa lake lilikuwa na mota ya kilowati 1.5, ncha nne, mizunguko 1,420 kwa dakika, na puli za mkanda zilizopunguza mara tano, hivyo kasia lilikuwa likizunguka mara 280 na kitu. Kwa uji hiyo ni kasi ya kumwagika. Kwa sabuni ya maji ni balaa, kwa sababu kila mzunguko unaingiza hewa. Alikuwa akijaza madumu, nusu ikiwa sabuni na nusu povu, au anasubiri mpaka kesho yake povu lishuke ndipo ajaze. Alitaka mizunguko 30.

Hesabu niliifanya nikiwa nimeshika simu. Hezi 5 ni sehemu moja ya kumi ya hezi 50. Uga utazunguka mara 150, gawanya kwa tano za puli, unapata 30. Nikanunua invata ndogo inayoingiza umeme wa njia (fezi) moja na kutoa njia tatu, nikaituma kwa basi, na kijana wake wa dukani nikamwelekeza kwa simu jinsi ya kufunga waya na kuzigeuza koili za mota ziungwe kwa mtindo wa delta. Waliwasha. Kasia likazunguka taratibu kwenye maji matupu, mama akapiga kigelegele nikakisikia mpaka Gerezani. Nikajiona mtaalamu.

Kisha wakatia kemikali za sabuni, ungarol na salfoniki, na mwisho chumvi. Aliyewahi kutengeneza sabuni hii anajua chumvi inavyofanya: maji yanageuka kitu kizito kama ute wa bamia. Kasia likalegea, likawa linasita, likasimama.

Makosa yangu yalianzia hapo. Ukishusha hezi mpaka sehemu ya kumi, invata inashusha na volti mpaka sehemu ya kumi, kutoka 230 hadi 23, la sivyo chuma cha mota kitashiba sumaku na kuvuta mkondo wa bure. Ni sahihi kabisa, ila kuna kitu hakishuki: ukinzani wa kopa. Mota ile ilikuwa na karibu ohm 5 kwa kila koili, na kila koili hubeba ampia 3 na nusu ikiwa kazini. Zidisha: volti 17 na nusu zinaishia kwenye kuupasha waya moto. Kwenye volti 230 hizo si kitu, ni ushuru wa njiani. Kwenye volti 23 zinabaki kama 6 za kufanya kazi. Mota ilikuwa inakufa njaa huku sahani ikiwa mezani.

Nikamwambia kijana apandishe volti za chini. Invata nyingi zina sehemu ya kufanya hivyo. Akapandisha, kasia likasimama tena, akapandisha zaidi. Kwenye skrini ampia zinazoingia motani (kila waya hulisha koili mbili) zikatoka 6 za kwenye kibati hadi 9. Kinga ya mkondo nilikuwa nimeshamwelekeza aipandishe tangu mwanzo, "isije ikatusumbua". Kasia likazunguka. Nikamwambia, "Endelea."

Joto la kopa hupanda kwa mraba wa mkondo. Kutoka 6 hadi 9 si mara moja na nusu, ni zaidi ya mara mbili. Na feni ya kuipoza mota imefungwa kwenye shafti ya mota hiyohiyo, kwa hiyo ilikuwa inazunguka chini ya sehemu ya kumi ya kasi yake. Inapepea kama mtu anayejipepea kwa bahasha kwenye jua la Februari. Dakika 40 baadaye kijana akanipigia kusema kuna harufu. Mota ikarudi Dar kwa basi, na nilipoifungua koili zilikuwa nyeusi pande zote sawasawa, kama mkate uliosahauliwa. Mota iliyoungua fezi moja nina mtu wa kumlaumu. Ile iliungua kwa maelekezo yangu.

Kwa hiyo safari hii niliamua kwenda mwenyewe.

Baada ya Pugu, namba ya kasi kwenye skrini ya behewa ikaanza kupanda: 90, 120, 158. Hapo mota zilinyamaza kabisa, au sauti yake ilimezwa na upepo, na abiria wakatoa simu kupiga picha za ile namba. Mimi hamu ikaniisha. Kwenye kasi hiyo kazi ya mota ni nyepesi kuieleza, sawa na pampu zangu za kisima. Nikalala mpaka milima ya Uluguru ilipojaza dirisha.

Morogoro jirani yangu alishuka, akaketi mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, anayekwenda kwa mwanawe Dodoma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama nami ndiyo mara yangu ya kwanza. Yeye alikulia Kilosa, kando ya ile reli ya zamani ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Tulipoanza kuondoka akanigusa mkono.

"Umeona? Haijashtuka. Ile yetu ya zamani, ikiondoka, unasikia behewa la kwanza limevutwa, ga! La pili, ga! Mlio unakuja mpaka kwako. Ukiwa na chai, umeshaimwaga. Mama zetu walikuwa wanasubiri zile ga-ga ziishe ndipo wanamimina."

Nikamwambia kwamba mimi ni fundi wa mota, na kwamba hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Akataka kuelezwa. Nikajaribu, na nikiri kwamba ilinilazimu nielewe zaidi ili nimweleze yeye kuliko nilivyokuwa nimeelewa nilipojieleza mwenyewe.

Mota ya aina hii, nilimwambia, inapewa mkondo mmoja tu lakini mkondo huo unafanya kazi mbili: sehemu yake inajenga sumaku, sehemu yake inasukuma. Zimechanganyika kama maziwa kwenye chai. Invata yangu ya bei nafuu, kwa jinsi nilivyoitumia, haikujua kuzitenganisha, iliongeza zote kwa pamoja ikitumaini mambo yatakuwa mazuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi mmoja wa Siemens, Felix Blaschke, alionyesha namna ya kuzitenganisha kwa hesabu: ukijua uga wa sumaku umeelekea wapi ndani ya mota kila nukta, unaweza kutoa amri ya sumaku peke yake na amri ya msukumo peke yake. Sumaku unaiweka imara hata gurudumu likiwa limesimama, kisha msukumo unauongeza kidogo kidogo. Wakati ule vifaa vya kufanya hesabu hiyo kwa haraka vilikuwa ghali na vikubwa. Leo kijidude cha ukubwa wa ukucha kinaifanya maelfu ya mara kwa sekunde.

"Sasa kinajuaje sumaku imeelekea wapi? Kinachungulia?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wangu. Nikamwambia: kuna wanaofunga kifaa kwenye shafti kinachohesabu kila nyuzi ya mzunguko, hao wanachungulia kweli. Wengine wanasikiliza tu. Rota ikizunguka hurudisha volti zake kwenye koili, na kutokana na volti hizo invata inakadiria. Kama mlinzi wa usiku anayemjua kila mpangaji kwa mlio wa nyayo. Ila kadiri mpangaji anavyotembea taratibu ndivyo nyayo zinavyofifia, na akisimama kabisa mlinzi hana la kusikiliza. Volti zile hupungua sawasawa na kasi. Ndiyo maana mota isiyo na kifaa cha kuhesabu hupotea njia ikikaribia kusimama, na ndiyo maana kasi ndogo ni ghali.

Mzee akafikiri. "Kumbe kukimbia kazi yake ni kupata nguvu, na kwenda taratibu kazi yake ni kujua ulipo."

Nikamwomba arudie, akakataa, akasema amesahau alivyosema.

Baada ya Kilosa tukaingia kwenye mahandaki. Masikio yakaziba, taa zikaakisi kwenye vioo, mtoto mmoja nyuma yetu akapiga kelele ya furaha. Tulipotoka mzee akanionyesha kwa kidole bonde ambalo mafuriko yalizoea kuibeba ile reli ya chini, kipande cha kuelekea Gulwe, mwaka baada ya mwaka. Kisha ardhi ikakauka, ikawa nyekundu, mibuyu ikaanza kusimama mmojammoja, nikajua tumeingia Ugogoni.

Nilijiandaa kwa kusimama kama nilivyojiandaa kwa kuondoka. Treni hizi zikipunguza mwendo mota hugeuka jenereta, zinarudisha umeme kwenye waya wa juu, na msukumo wa kuzalisha ndio breki. Nilisikia ule mluzi ukishuka ngazi zake. Skrini ikasoma 30, 15, 8. Halafu, pale mwisho kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, nikahisi kitu: mvuto mdogo, kama mtu amekushika shati kwa nyuma, na mlio wa chuma kikikamata chuma. Breki za kawaida. Ikisogelea kusimama, mota haina tena cha kuzalisha, kwa hiyo kazi ya hatua za mwisho hukabidhiwa breki za msuguano. Yaani hata treni hii, na mabilioni yake, imekubali kwamba kuna kasi ambayo si ya mota. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Kilo 13 zilizokuwa miguuni mwangu zilikuwa zinasema jambo hilohilo.

Mzee aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Tulikuwa tumetumia chini ya saa nne, safari ambayo kwa basi ni kutwa nzima.

Mama alinipokea Nkuhungu, nyuma ya nyumba, penye pipa. "Pole na safari, fundi. Ile mota umeileta hai au maiti?" Mota niliyoisuka upya ilitangulia kwa basi siku mbili kabla, tena kwa gharama yangu, nalo suala hilo hatukulizungumza zaidi.

Kazi yenyewe haina mengi. Nilitoa puli na mkanda. Shafti ya mota ya ukubwa huo ina milimita 24, na tundu la gia boksi lilikuwa 24, zikaingiana kwa nyundo ya mbao na grisi. Ndani ya boksi kuna skrubu ndefu inayosukuma gurudumu la meno, mizunguko 40 ya mota kwa mmoja wa kasia. Inapoteza kiasi kwa msuguano, theluthi moja hivi, lakini nguvu ya kusokota inayobaki ni zaidi ya mara 25 ya ile ya mota. Invata nayo niliiweka kwenye namna ya kutenganisha mikondo, nikaiingizia kila kilichoandikwa kwenye kibati, nikaiacha ijipime: mota ikavuma bila kuzunguka kwa muda, invata ikapata ohm za koili yenyewe bila kuniuliza mimi. Kinga ya mkondo nikaishusha mpaka 6. Hezi za chini nikazifunga kwenye 25 ili kijana asije akashawishika, na feni sasa ilikuwa inapepea kweli.

Tukaiweka kwenye hezi 40. Kijana alifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kasia, nami nikashika saa. Maji matupu: mizunguko 28 kwa dakika. Mama akatia ungarol, akatia salfoniki, akanyamaza kidogo kabla ya chumvi, akanitazama. Akatia chumvi. Sabuni ikashikana, kasia likaingia ndani yake kama mwiko kwenye ugali, mota ikabadilisha sauti kidogo. Nikahesabu tena, na kijana akahesabu kwa sauti pembeni yangu, tukapishana kwa mmoja. Mimi nilipata 27, yeye 28.

Tuliiacha ikoroge saa nzima. Kila baada ya dakika kumi niliweka kiganja juu ya mota, ikawa ya moto wa kawaida, mkono unakaa. Mama akachota kikombe akakiinua kwenye jua: kijani, angavu, kiputo kimoja kimoja. Madumu yalijazwa mchana huohuo.

Ile mota sikumtoza. Gia boksi alilipa nusu, nusu atatuma mwisho wa mwezi.